Kisanduku cha Tatu

Nambari iliyosomwa Jumatatu ile ilikuwa thelathini na sita, na Candide Nabintu alijua mara moja kwamba haitoshi.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mtoto wa miaka saba, magoti yakikaribia kidevu, katika maktaba ya shule ya msingi huko Mount Dennis, Toronto. Wazazi wa kamati walikuwa sita, wote wamejikunja vivyo hivyo, makoti ya baridi mapajani. Aliyesoma alikuwa Almina Virani, ofisa anayeunganisha shule na familia, mwanamke wa miaka hamsini na minane mwenye desturi ya kutamka kila tarakimu mara mbili. Thelathini na sita katika kila mia, alirudia. Zilitakiwa arobaini.

Maana yake waliijua wote. Shule yao ilikuwa ndani ya utaratibu ulioitwa Mpango wa Shule Nzima. Kila baada ya miaka mitatu familia huulizwa kipato chao kwa fomu isiyo na jina. Zenye kipato kidogo zikifika arobaini katika mia, fedha za mpango hutumika kwa watoto wote: mwalimu wa kusoma anaingia kila darasa, chai ya asubuhi inawekwa mezani kwa kila mtoto, na hakuna anayeulizwa wewe ni wa nani. Zisipofika, fedha haziondoki zote, ila zinafungiwa. Zinamhudumia mtoto aliyeandikwa kwenye orodha peke yake: jina, darasa, sababu ya kusaidiwa.

Candide aliijua orodha kabla hajajua kusoma vizuri. Alikimbia Uvira akiwa na miaka kumi na miwili, akakulia kambi ya Nyarugusu, upande wa Tanzania, na huko mdogo wake Sifa alipimwa mkono na kuvishwa utepe wa watoto wa lishe. Uji ulikuwa mzuri, hilo Candide hakulikana kamwe. Lakini Sifa aliishi miezi minne amevaa sweta la mikono mirefu kwenye jua la Kigoma ili utepe usionekane, na hata hivyo watoto wa bloku yao ya kambi walimwita Kapimo mpaka alipoolewa.

Na huku Toronto mambo hayakuanza tofauti. Walipokuwa bado wanaishi mtaa wa Jane na Finch, mlango wa darasa la binti yake Darlène uligongwa kila siku saa nne kamili, na watoto watano waliosoma polepole wakaitwa nje mbele ya wenzao. Darlène akaanza kuumwa tumbo kila asubuhi. Daktari hakuona kitu. Tumbo lilipona lenyewe walipohamia Mount Dennis, ambako mwalimu wa kusoma, Bi Farhat, aliingia na vitabu vyake akagawa darasa zima katika vikundi, wepesi na wazito pamoja, na hakuna mtoto aliyejua nani anasaidiwa. Sasa Darlène, mwenye miaka tisa, alikuwa akisoma kwa kupitisha kidole chini ya mstari, taratibu, bila machozi. Orodha ikirudi, jina lake litakuwa la kwanza au la pili. Candide hakuhitaji kuambiwa.

Almina alimaliza kikao kwa Kiingereza, akawaeleza kwamba familia ni mia mbili na sitini, kwamba pengo ni la familia kumi, na kwamba kila nyumba ilibaki na kipande cha karatasi chenye nambari ambacho kinaweza kutumika kusahihisha jibu mpaka Ijumaa saa kumi alasiri. Kisha akamfuata Candide nje, kwenye maegesho, theluji nyeusi ya Machi ikiyeyuka chini ya viatu vyao. Huko akabadili lugha. Kiswahili cha Almina kilikuwa cha dukani, alichokirithi kwa mama yake Kulsumbai aliyewahi kuuza vitenge Mwanza, na alikitumia kama mtu anayepima kitambaa kwa yadi.

"Mama Darlène, mimi sina ruhusa kujua nani ameandika nini, na sitaki kujua," alisema. "Lakini fomu ina msimbo wa posta. Majengo yenu mawili ya Weston Road yamenipa visanduku vya tatu vingi kuliko mtaa wangu wa Mississauga. Mmetajirika lini bila kuniambia?"

Candide alicheka kidogo, kwa adabu. Kisanduku cha kwanza kilikuwa cha kipato kidogo, cha pili cha wastani. Cha tatu kilisema kwamba nyumba ina cha kutosha na ziada. Alisema atajaribu kuongea na watu. Hakusema kwamba yeye mwenyewe, anayewaosha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee kuanzia saa moja asubuhi, na ambaye mumewe alifariki mwaka wa pili wa kuingia Kanada, alikuwa ametia alama kwenye cha tatu.

*

Sababu yake ilikuwa na majina matano.

Miaka sita iliyopita watu watano wa kanisa lao walikubaliana kuwaleta ndugu zao kutoka kambini. Sheria iliruhusu watu watano kuungana na kuwa wadhamini wa mkimbizi, mradi waonyeshe kwamba wanaweza kumtunza mwaka wa kwanza. Hakuna hata mmoja aliyeweza peke yake. Kwa hiyo wakaunganisha akiba zao, na wakapanga zamu. Wa kwanza aliletwa kaka wa Josaphat, mwenzao aliyekuwa shemasi wa kanisa. Wa pili alikuwa mama mzazi wa mwenzao mwingine, Willy; faili la mama huyo lilikuwa limefika hatua za mwisho. Wa tatu, serikali ikianza tena kupokea maombi mapya, angekuwa Sifa na watoto wake wawili. Baada yake ndugu wa mke na mume waliokamilisha hesabu ya watano.

Waliapa kwa maombi, mikono juu ya meza ya Josaphat, kwamba hakuna atakayeandika neno lolote juu ya kipato chake, kwenye karatasi ya serikali wala ya nani, bila wenzake wanne kukubali. Atakayevunja, zamu yake inarudi mwisho. Sharti hilo alilitaka Candide mwenyewe. Kambini aliona kiongozi wa bloku akitia sahihi peke yake kwamba mahindi yamepokewa, na bloku nzima ikalala njaa wiki mbili kwa ajili ya mkono wa mtu mmoja.

Fomu ya shule ilipokuja, Willy, aliyewajazia makaratasi nusu ya kanisa, alisimama baada ya ibada akatoa ushauri uleule aliokuwa akiutoa siku zote: karatasi za Kanada zinajuana. Usiandike hapa kwamba huna, wakati pale umeandika kwamba unaweza kumlisha mgeni. Watu waliitikia amina. Hata wasiokuwa wadhamini wa mtu yeyote walitia alama kwenye kisanduku cha tatu, maana nani ajuaye kesho.

Jumanne, kazini, Candide alimlisha bibi mmoja supu na kumwagia nyingine kifuani. Alipotoka saa tisa alipanda basi la Weston Road, akapita ghorofa yake ya sita, akaenda moja kwa moja mpaka ya kumi na moja kwa Willy.

Willy alipakia mizigo uwanja wa ndege zamu ya usiku, na saa hiyo ndiyo kwanza alikuwa ameamka. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na minne, mpole, mwenye mafaili yaliyopangwa kwa rangi kwenye rafu ambayo watu wengine huweka runinga. Alimkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akamwonyesha barua iliyofika wiki tatu zilizopita: mama yake alikuwa ameitwa kwenye uchunguzi wa afya. Baada ya hapo ni usalama, baada ya hapo ni ndege.

"Dada Candide, wewe unafanya kazi na wazee," alisema. "Mtu wa miaka sabini na tisa unajua anangojaje."

Candide alimwambia kwamba fomu ya shule haina jina. Willy akajibu kwamba ina msimbo wa posta, na kwamba yeye na Candide wanakaa katika msimbo mmoja. Candide akasema, kwa alivyomwelewa Almina, karatasi haziendi popote.

"Almina ni mtu mwema. Ila Almina hajawahi kusimama mbele ya ubao wa kambi akitafuta jina la mama yake."

Candide aliomba tu aruhusiwe kumleta Almina kanisani kesho yake. Willy alifikiri, akakubali. Hakuwa mtu wa kuziba watu masikio, alisema, mradi wakisikia wasikie yote.

*

Jumatano saa kumi na mbili jioni watu kama sabini walikusanyika katika ukumbi wa chini wa kanisa la wazungu ambalo waliliazima kwa maombi ya katikati ya wiki. Harufu ya kahawa ya wenye nyumba haikuwahi kutoka kwenye mazulia yale. Josaphat, mzee wa miaka sitini na minane ambaye sauti yake haikuwahi kuhitaji kipaza sauti, alifupisha nyimbo na kumpa mgeni dakika kumi kabla ya shuhuda.

Almina alisimama na mkoba wake begani kama mtu anayengoja treni. Alisalimia "mabibi na mabwana" kwa lafudhi ambayo mstari wa nyuma, wa wanawake wa Burundi, ulishindwa kuimeza bila kicheko. Hakujali. Alieleza mpango ulivyo, alieleza arobaini ni nini, alieleza orodha. Alipofika kwenye orodha kicheko kilikuwa kimekwisha. Hakuna aliyekuwa mle ambaye hakuwahi kuandikwa mahali.

Mama Byamungu akasimama. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne katika shule ileile, mfanyakazi wa kiwanda cha mikate, na watu walimwogopa kwa sababu aliuliza maswali ambayo wengine waliyapeleka nyumbani. Alimwuliza Almina kama anaweza kuapa kwamba karatasi hizi hazitafika uhamiaji.

"Siwezi," Almina alisema.

Ukumbi ulivuma.

"Naweza kuwaambia sheria," Almina akaendelea, polepole, akitafuta kila neno. "Sheria inasema karatasi zinahesabiwa, hesabu inaandikwa, karatasi zinasagwa. Mara mbili nimekuwepo zikisagwa, kwa macho yangu. Lakini kuapa kwa kila mkono utakaozishika, hapana. Nikiapa nitakuwa mwongo, na nyinyi mtajua."

Josaphat aliguna, akasema tangu aondoke kwao huyu ni ofisa wa kwanza kumsikia akikiri kwamba kuna asichokijua. Watu wakacheka, na hewa ikalegea kidogo. Dada mmoja kijana akatumia nafasi hiyo kueleza kwamba yeye kisanduku cha tatu hakukiandika kwa woga. Alikiandika kwa imani, maana mchungaji alifundisha kutamka baraka kabla haijafika.

"Basi imani yako imewanyima watoto wangu chai," Mama Byamungu alimwambia, na kicheko kikawa kikubwa zaidi. Lakini yeye hakucheka. Aligeuka akamtazama Candide, aliyekuwa amekaa pembeni ya Almina.

"Na wewe, Mama Darlène? Wewe ndiye unatuwakilisha pale shuleni. Uliandika nini?"

Candide aliwaona wote kwa mpigo: Willy kwenye mstari wa tatu akitazama viganja vyake, Josaphat akikunja karatasi ya nyimbo mara mbili, Almina akigeuza kichwa upande wake taratibu kwa mara ya kwanza.

"Cha tatu," Candide alisema.

"Utabadilisha?"

Alimtazama Willy. Willy akatikisa kichwa, mara moja, kama mtu anayeomba badala ya kukataza.

"Nipeni mpaka Ijumaa," Candide alisema.

Mama Byamungu aliketi. Alisema, bila ukali, kwamba basi na wao watangoja mpaka Ijumaa. Wakionyeshwa karatasi yake wataleta zao. Wasipoionyeshwa, wasisumbuliwe tena.

Shuhuda zilianza. Kijana mmoja alimshukuru Mungu kwa kupata leseni ya udereva. Candide hakusikia zaidi ya hapo. Walipotoka, Almina alimsindikiza mpaka kituo cha basi. Hakumlaumu kwa kisanduku. Alitaka kujua jambo moja tu, fomu ya udhamini iliuliza nini hasa, kwa maneno gani, na Candide alipomweleza, alisimama chini ya taa ya barabarani akalipima. Ile ya udhamini iliuliza watu watano wameweka nini pamoja. Hii ya shule iliuliza nyumba moja inapata nini kwa mwaka. Zote mbili zingeweza kujibiwa kwa ukweli, alisema Almina, na zisigombane.

Candide alikuwa amekwisha kuligundua hilo peke yake, Jumatatu usiku, kitandani. Halikumsaidia kulala.

*

Alhamisi alasiri watano walikutana kwa Josaphat, kwenye meza ileile. Candide aliomba ruhusa. Alieleza kama Almina alivyoeleza. Mke na mume walitazamana, mume akasema wao wanakubali. Josaphat akasema anakubali. Akabaki Willy.

Willy alikuwa amekuja na faili la kijani. Hakulifungua.

"Najua zote mbili ni kweli," alisema. "Nimejaza karatasi za watu thelathini, nitakosaje kujua? Mimi siogopi kwamba tunadanganya. Ninamwogopa mtu mmoja mahali fulani asiyejua kusoma kweli mbili kwa wakati mmoja."

"Mtu huyo yuko?" Josaphat aliuliza.

"Sijui. Ndiyo maana ninamwogopa."

Josaphat alijaribu njia nyingine. Alisema fomu ina msimbo wa posta, sawa, lakini jengo lina milango mia mbili, nani atawatafuta watano ndani yake? Willy alijibu kwamba mwaka aliokuja yeye, faili la jirani yake wa kambini lilikaa miezi kumi na tisa kwa sababu ya herufi moja katika jina la kijiji. Hakuna aliyemtafuta huyo jirani. Ni karatasi tu iliyokutana na karatasi. Hayo Josaphat aliyajua, kwa kuwa jirani huyo alikuwa kaka yake.

Willy akamgeukia Candide. Macho yake yalikuwa mekundu kwa usingizi.

"Wiki sita, dada. Majibu ya uchunguzi yakitoka, andika unachotaka. Mimi mwenyewe nitakujazia."

"Ijumaa haina wiki sita."

"Mtoto akiwekwa kwenye orodha miaka mitatu hafi."

"Hafi," Candide alikubali.

Alitaka kusema zaidi, juu ya saa nne kamili na mlango unaogongwa, juu ya mtoto anayejifunza kuumwa. Lakini upande wa pili wa meza alikaa mtu ambaye mama yake alikuwa na miaka sabini na tisa katika nyumba ya matofali mabichi, na Candide aliona kwamba wakianza kupima maumivu ya nani ni makubwa hawatatoka pale. Josaphat hakumsukuma Willy. Agano lilisema wote, halikusema wengi.

"Sharti nililitaka mimi," Candide alisema mwishowe. "Kwa hiyo ninalijua. Kesho nitaandika, na mnajua inakuwaje baada ya hapo. Sitaki mtu aseme kwamba nilifanya kwa siri."

Mke wa yule mwenzao alianza kulia kimya kimya, kwa sababu Candide akirudi mwisho, anayepanda nafasi ya tatu ni kaka yake yeye.

Willy alishika faili lake kwa mikono miwili. "Sitaki uwe mwisho wa foleni," alisema.

"Najua."

Nyumbani Darlène alikuwa sakafuni na kitabu cha shule kuhusu nyangumi. Mama yake alimwuliza kwa Kiswahili kama amekula, mtoto akajibu kwa Kiingereza kwamba amekula, kisha akauliza kwa nini ana uso ule. Candide akamwambia ni uchovu. Alikaa kwenye kiti akamsikiliza akisoma. Ilimchukua Darlène muda mrefu kumaliza ukurasa. Neno moja lilimshinda mara tatu. Hakukifunga kitabu.

*

Ijumaa Candide aliomba kutoka kazini saa sita, akakatwa saa tatu za mshahara. Kwenye kaunta ya ofisi ya shule alitoa kipande chenye nambari, akapewa fomu mpya na bahasha yake. Aliisoma yote kutoka juu, hata sehemu alizozijua, kama mtu anayesoma maandishi kwenye chupa ya dawa. Akatia alama kwenye kisanduku cha kwanza. Kalamu ya kaunta ilikuwa imefungwa kwa uzi, na uzi ulikuwa mfupi, ikabidi ainame.

Hakuiweka bahasha moja kwa moja sandukuni. Mama Byamungu alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini na wanawake wengine saba, wawili wakiwa bado na kofia za nailoni za kiwandani. Candide aliwaendea, akaifungua karatasi mbele yao, akaishika mpaka wa mwisho alipoitazama. Mama Byamungu aliinuka, akaenda kaunta, akaomba fomu, na alipoulizwa nambari yake aliisema kwa kichwa.

Mpaka saa nane wengine walikuwa wamekuja. Dada wa imani alikuja akikimbia, amemwacha mtoto kwenye gari la rafiki, akajaza amesimama. Baadhi hawakuja. Saa tisa na nusu mtu wa ghorofa ya nne, baba wa mapacha, alifika mlangoni, akatazama foleni, akageuka akaondoka. Candide alimwona kupitia dirishani akisimama kwenye theluji muda mrefu, kisha akielekea kituo cha basi. Hakumfuata. Angemwambia nini, kwamba haogopi?

Saa kumi kamili Almina alitoa sanduku, akafunga mlango wa ofisi. Candide alibaki kwenye benchi na Mama Byamungu. Watoto walikuwa wamekwisha kwenda nyumbani; msafishaji alipitisha mashine yake ukumbini, akawaomba wainue miguu, wakainua. Mama Byamungu alitoa mkate kwenye mkoba akaugawa. Candide alitafuna bila kuhisi ladha.

Ilichukua dakika arobaini. Almina alipofungua mlango alisimama kizingitini na karatasi mkononi, akavaa miwani.

"Mia moja na saba," alisema. "Mia moja na saba. Zilitakiwa mia moja na nne."

Mama Byamungu alimshika Candide begani kwa nguvu, kama mtu anayejaribu embe, akasema basi Jumatatu watoto wake watakunywa chai na asiwepo wa kuwauliza. Almina alianza kueleza kazi iliyobaki, kwamba mpango wenyewe lazima uandikwe upya na wazazi kabla ya Juni, na kwamba kila mwaka utakaguliwa kama kweli unawasaidia watoto waliokusudiwa.

*

Jumamosi asubuhi Willy aligonga. Alikuwa ametoka zamu moja kwa moja, bado amevaa fulana ya njano ya uwanjani. Alileta ukurasa mmoja, umepigwa chapa, wenye orodha mpya ya zamu. Jina la Sifa lilikuwa la mwisho. Candide alitia sahihi hapohapo, ameuegemeza ukurasa kwenye friji. Willy akatia yake chini.

Alimkaribisha chai, na Willy akakaa. Walizungumza juu ya lifti iliyoharibika na juu ya Josaphat anayekataa kupimwa shinikizo la damu. Candide aliuliza kama kuna habari kutoka kwa mama. Hakuna bado, Willy alisema. Kila asubuhi alikuwa akifungua sanduku la barua akiwa ameshika pumzi. Hakusema kwamba kama habari ikiwa mbaya atajua ni kwa nini, au hatajua kamwe. Lakini lilikuwepo mezani pamoja na vikombe, na litakaa hapo wiki sita. Alipoondoka alimshukuru kwa chai na kumwita dada kama siku zote.

Candide alisubiri mpaka kambini iwe jioni, saa ambayo Sifa hupanda kilima karibu na shule kutafuta mtandao. Alimweleza yote bila kuzunguka, Jumatatu mpaka Jumamosi. Kule upande wa pili zilisikika sauti za watoto na mtu akipasua kuni.

"Wa tano?" Sifa aliuliza.

"Wa tano."

Candide akatazama simu kama bado imeshika.

"Na anayekuja mahali petu ni nani?"

Candide akamtajia.

"Ana watoto?"

"Wanne."

Sifa alivuta pumzi, akaitoa. Alimwita mmoja wa watoto wake, akamwambia aache kuchezea maji, kisha akarudi kwenye simu.

"Basi watangulie," alisema. "Lakini leo usiniambie niseme ni sawa, dada. Nipigie Jumamosi ijayo."

Akakata. Candide alikaa na simu kiganjani mpaka kioo chake kikazimika.